Maji Yaliyopita Uani kwa Jirani

Tulihamia Mtoni kutoka Kinangop, Kenya, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka saba, baada ya mume wangu kupata kazi ya ufundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Kilwa. Kinangop kuna baridi ya kukata masikio. Nilidhani joto ndilo litakalonitesa Dar. Joto nililizoea kwa mwezi mmoja tu. Kilichonishinda ni choo.

Kwetu shimo la choo huchimbwa refu, ukitupa jiwe unangoja kidogo ndipo ulisikie. Mtoni ukichimba kufika kiunoni tu unakutana na maji. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na choo chake uani, na shimo lake lilikuwa karibu mno. Ukichuchumaa unasikia kitu kinapumua chini yako. Jioni mende walitoka kwenye tundu, wekundu na wanene, wakapanda ukutani bila haraka. Mwezi wa kwanza nilikuwa nabana pumzi mlangoni, namaliza haja, natoka mbio, halafu nasimama uani natema mate. Majirani walicheka. Waliniita Mama Kenya.

Aliyenicheka kwa upole ni mama wa nyumba ya chini yetu. Mtaa ule una mteremko, kwetu palikuwa katikati na kwake bondeni. Alikuwa mtu mzima, mjane kutoka Newala, na kila asubuhi alikaanga vitumbua mbele ya mlango wake. Nikimwamkia shikamoo anaitika, "Marahaba mwanangu, umelalaje na joto letu?" Binti yangu hakwenda shule bila vitumbua vyake viwili, na mume wangu vinne.

Masika yetu ya kwanza, mvua kubwa ilinyesha Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Binti yangu alikimbia uani kucheza. Maji yakaanza kuingia kwa chini ya geti. Nilidhani ni tope. Kisha harufu ikanipiga, nikaona vikaratasi vinaelea, na funza weupe, na mwanangu amesimama katikati peku, anachota kwa kikombe.

Nilimbeba nikamsugua kwa sabuni mpaka akalia. Hata hivyo aliharisha siku nne.

Ni jirani wa juu aliyekuwa ametapisha choo. Ndivyo wanavyosema: mvua ikipiga, mtu anatoboa ukuta wa shimo lake, uchafu unatapika njiani, mvua inauchukua kuupeleka kwa wengine. Mume wangu alipanda kwake akiwa bado amelowa, nami nikamfuata. Hakusalimia. Alianza tu, kwa Kiswahili cha kwetu, "Wewe, hii ni tabia gani? Mtoto wangu amekanyaga mavi yako!"

Yule bwana alikuwa amekaa barazani anakunywa chai. "Habari za mchana kwanza, braza," alisema. "Mvua inasafisha. Kesho hutaona kitu."

Mume wangu alikwenda mpaka kwenye mkutano wa mtaa. Alisimama mbele ya mwenyekiti akasema mtu anayemwagia jirani yake kinyesi hana tofauti na mnyama, tena mnyama huenda kando. Watu walipiga makofi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikiwa na fahari kama bibi harusi.

Mwaka uliofuata shimo letu lilijaa. Gari la majitaka halikuweza kupita uchochoroni kwetu. Njia nyingine ni vyura, wale wanaume wanaoingia shimoni na ndoo. Nikamwambia mume wangu tuwaite. Akakunja uso. "Nione mtu akitoka pale amejipaka hivyo, halafu apite mbele ya mlango wangu? Siwezi, mama. Ngoja nitafute namna." Sikumuuliza namna gani. Nami sikutaka kuwaona.

Masika yakaanza. Siku moja nilikuwa nimekwenda kumchukua mtoto shule, mvua ikatukuta njiani. Tulipofika kwetu nikamwona yule mama wa Newala amejifunga kanga kifuani, anasukuma maji kwa fagio la chelewa yasiingie ndani. Yalikuwa meusi. Jiko lake la vitumbua lilikuwa limezama nusu.

"Leo yamekuja mazito, mwanangu," aliniambia. "Pita kule juu, usikanyage."

Nilitazama juu. Kwa yule bwana wa barazani maji yalikuwa ya tope tu, mekundu. Weusi ulianzia kwetu. Nilimwingiza mtoto ndani, nikazunguka nyuma ya choo. Mume wangu alikuwa amesimama na mwavuli wangu. Bomba la plastiki lilitoka chini ya ukuta wa shimo, jipya, limekatwa vizuri kama kazi zake zote, na lilikuwa likikohoa.

Aligeuka akaniona.

"Usipige kelele," alisema. "Mvua inasafisha."

Nilitapika palepale kando ya ukuta. Harufu ile nilikuwa nimeizoea kidogo, hiyo naweza kusema. Kilichonitapisha ni sauti yake, ile ya kutuliza, anayoitumia mtoto akiwa na homa. Halafu nikakumbuka kwamba zilikuwa siku kadhaa hajagusa vitumbua. Alikuwa amesema mafuta yanamchoma kifua. Kumbe alikuwa ameshatapisha mara nyingine, akajua maji yanapita wapi. Sisi, mimi na mwanawe, alituacha tunakula.

Nilichukua fagio na dawa ya choo nikateremka. Tulisukuma yale maji na yule mama mpaka mvua ikakatika, kisha tukasugua sakafu. Nikamwambia nikiwa nimeinama, nisimtazame.

"Mama, ni sisi. Ni baba mtoto. Ameweka bomba."

Hakuacha kusugua. "Najua. Nilimsikia akilikata."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Watu wote wanatapisha. Nyie tu mlikuwa mnajifanya." Akainuka, akashika kiuno, akatabasamu. Hakuwa na hasira hata chembe. "Sasa mmekuwa wenyeji."

Alisema kwa wema, na ndiyo maana nilijisikia mchafu kuliko nilipokuwa nimeshika lile fagio.

Kesho yake niliita vyura mwenyewe. Walikuja wawili, mmoja wa makamo na mdogo wake. Walijimwagia mafuta ya taa miguuni, wakaingia. Walifanya kazi tangu asubuhi, wakachimba shimo jingine pembeni wakahamishia humo, wakafukia. Mchana niliwapikia chai. Nikiwa jikoni niliona mkono wangu unaviruka vikombe, unachukua makopo mawili ya margarini. Yule wa makamo alilipokea lake kwa mikono miwili, akalitazama, akasema, "Ahsante mama." Nilirudi ndani nikaketi. Ningeweza kwenda kuchukua vikombe hata wakati ule. Sikwenda.

Mume wangu alitoka kazini akakuta uani pakavu na bomba limelala getini. Alilichukua, akalifuta, akaliweka darini pamoja na vifaa vyake. Usiku alitaka kunishika bega nikajivuta. Alinuka sabuni, maana ni mtu msafi sana, anaoga mara tatu kwa siku. Ilichukua wiki nyingi kabla sijaweza kula ugali aliousonga kwa mikono yake, na mpaka leo nikiumega huwa namtazama vidole.

Hatujahama. Mtoto anaongea kama watoto wa hapa, anasema "mie" na "sie". Mkutano wa mtaa ukiitwa, mume wangu huwa na kazi za kiwandani.