Dobi na Utando Mweupe

Dada yangu mkubwa alikuwa dobi wa mabweni ya shule kwa muda mrefu hata jina lake likasahaulika. Wanafunzi, walimu, na mumewe pia, walimwita Mama Sabuni. Adui yake alikuwa ukungu. Mashuka yakikunjwa yangali na unyevu hutoa vidoa vyeusi, naye alivisugua kwa ghadhabu ya mtu aliyetukanwa.

Mashine za kufulia zilipoletwa, kazi ikamponyoka. Nilimkuta kibarazani, mikono mapajani, amenyong'onyea. Ndipo mwalimu mkuu, mama mwenye huruma lakini asiyependa kubahatisha, alipomwachia chumba cha zamani cha kufulia ajaribu kulima uyoga. Sharti lilikuwa moja: muhula ukifungwa uyoga haujaonekana, chumba kitawekwa madawati mabovu.

Bwana shamba alimfundisha kuchemsha mabua makavu, kuyapoza, kuyachanganya na mbegu na kuyashindilia mifukoni. Akamwonya kuwa usafi ndio roho ya kazi hiyo, kisha akaenda zake. Onyo hilo dada alilipokea kwa moyo wote.

Asubuhi moja akakuta mifuko imetandwa na utando mweupe, mwororo kama pamba. Hakumwuliza mtu. Bwana shamba aliporudi, mabua yalikuwa yamefuliwa, yamesuuzwa, na kubanwa kambani kwa vibanio, mafungu mafungu, yakichuruzika maji.

"Mama," bwana shamba akasema, "umefua shamba."

Shemeji yangu alicheka hadi akashika ukuta. Bwana shamba akaeleza kwa upole kwamba utando ule ndio uyoga wenyewe, na kile tunachokula ni tunda lake tu.

"Na ule wa kwenye mashuka yangu?" dada akauliza.

"Huo ni binamu yake, mama. Kwani kwenu hakuna ndugu msumbufu?"

Shemeji akanitazama mimi.

Tulishukuru kwamba sabuni ilikuwa imekwisha kabla ya kazi, maana nyuma ya mlango ilisalia mifuko mitatu. Mmoja dada na bwana shamba wakaupasua, wakayagawa mabua yake yenye utando katika mabua mapya yaliyochemshwa. Baada ya hapo palibaki kungoja, na kungoja kulimtesa dada kuliko kufua. Aliketi nje ya mlango, viganja amevibana kati ya magoti, visije vikaifuata ndoo.

Siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu akaja na vibarua wamebeba madawati. Katika ile mifuko miwili uyoga ulikuwa umechomoza, wa kijivu, umepangana kama masikio yanayosikiliza. Mwalimu mkuu akauinamia, akatabasamu. Kisha akanyoosha kidole kwenye mifuko mipya, akauliza mbona imeingia ukungu.

"Hilo ndilo shamba, mwalimu," dada akasema, akijiweka katikati. "Tafadhali usiliguse."

Vibarua wakaambiwa wayapeleke madawati chini ya ngazi.

Tangu hapo jiko la shule halikukosa uyoga, na mabua yaliyochoka yalimwagwa bustanini, ambako viumbe wadogo zaidi waliyaozesha hata udongo mgumu ukalainika. Nami, niliyelelewa kushukuru kabla ya kula, huwataja na wao: wote wafanyao kazi gizani, bila kuonekana, ili sahani yangu ijae.