Filamu iliyokula talaka ya dada yangu

Wakuu, assalaam alaykum. Na kwa wasio wa dini yangu, nawasalimu kwa heshima ile ile.

Nimesoma mabishano yenu juu ya hizi filamu za mapenzi na mauaji, zile ambazo mwanamke mzuri anamvuta mwanamume chumbani, na nyuma ya pazia kuna kisu. Wengine mnasema ni uchafu mtupu. Wengine mnasema ni sanaa, tuacheni.

Mimi ni mtu mzima sana, na mjukuu ndiye aliyenifundisha kuandika humu. Haya nayaandika nikiwa na udhu. Sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mambo haya hayakuanza na simu zenu.

Ilikuwa Unguja mjini, miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa kijana, nasoma fiqhi, sheria za dini, kwa maalim wangu pale Malindi. Dada yangu Rukia alikuwa ameolewa na Haroub, fundi cherehani, mtu wa sala na mcheshi sana. Alhamdulillahi, walipendana.

Ikaja filamu moja kutoka Ulaya. Tangazo lake lilikuwa na mwanamke aliyetugeuzia mgongo, mabega wazi, kisu mkononi. Msikitini tuliambiwa tusiikaribie. Jioni yake mlango wa sinema ulijaa.

Mimi sikuingia. Msinisifu, maalim wangu alikuwa anakaa jirani na sinema.

Haroub aliingia. Tena mara mbili.

Yeye ndiye aliyetusimulia. Ikifika pahala pa aibu, mwendesha mashine anaweka kiganja mbele ya taa. Pazia la sinema linakuwa jeusi, sauti zinaendelea. Watu wanapiga miluzi: "Ondoa mkono, we! Au unatizama peke yako?"

Nimefikiri sana juu ya kiganja kile. Naamini ndicho kilichoijaza sinema. Usichoonyeshwa unakimalizia mwenyewe kichwani, na kichwa hakina mtu wa kukiwekea mkono.

Sasa, Jumapili mchana palikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Wake za watu walikwenda na mabuibui yao, na hapakuwa na ubaya.

Siku moja baada ya alasiri Haroub amekaa na wenzake barazani, lile benchi la mawe nje ya nyumba yake. Wanakunywa kahawa. Mmoja akamchokoza:

"Haroub, na Rukia Jumapili anakwenda? Au wewe ndiye utakayemhadithia?"

Wakacheka. Haroub akaona haya. Mwanamume akiona haya mbele ya wenzake, ulimi unamtangulia. Akasema:

"Rukia akienda kuitizama filamu ile, basi ameachika."

Kicheko kikakatika. Wote walijua uzito wa neno lile. Halikusemwa tena, wala Haroub hakumwambia mkewe.

Jumapili Rukia alikwenda na jirani zake.

Haroub alipopata habari, alikuja kwa maalim uso umemsawijika, hata salamu hakuimaliza. "Maalim, nimejiharibia nyumba yangu." Hakutaka kuishi na mwanamke bila kujua kama ni halali yake.

Niwaeleze kidogo. Kwa tulivyosomeshwa katika madhehebu yetu, mume akifunga talaka kwa jambo ili amzuie mkewe, na mke akalifanya bila kujua kiapo kile, talaka haipiti. Akilifanya hali anajua, imepita.

Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya jibu la mtu mmoja.

Tulikaa ukumbini kwa mama. Maalim, Haroub, mimi. Rukia na mama upande wa pili wa pazia. Nilimsikia mama akimnong'oneza, "Sema hukujua, mwanangu. Sema tu."

Maalim akaita, "Bi Rukia."

"Naam, Maalim."

"Siku uliyokwenda sinema, ulikuwa unajua kiapo cha mumeo?"

Haroub alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anaomba dua.

Rukia akasema, "Nilijua. Baraza iko chini ya dirisha langu."

Mama akaanza kulia.

"Basi kwa nini ulikwenda?"

"Mume wangu ameitizama mara mbili, Maalim. Nilitaka kujua anatafuta nini kule ambacho mimi hakunambia."

Maalim akamgeukia Haroub. "Wewe uliitizama?"

Haroub alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Maalim akasema taratibu, "Talaka moja imepita. Bado yumo edani, ukitaka unaweza kumrejea. Lakini jua umebakiwa na mbili tu. Hii imeliwa na filamu."

Haroub aliondoka. Rukia tukampeleka kwa shangazi, Kiembe Samaki. Siku zikapita, mume haji. Mama alikuwa hali chakula. Rukia alikuwa anashona, kila siku akikaa pale anapoweza kuuona mlango.

Eda, ile miezi ya kungoja baada ya talaka, ilipokaribia kwisha, alasiri moja, Haroub akatokea. Hakukaa. Aliniomba mimi na jirani tusimame.

"Shuhudieni. Nimemrejea mke wangu Rukia."

Halafu akaliambia pazia, "Na sendi tena sinema."

Rukia akajibu kutoka ndani, "Sikukwambia usende. Ukirudi, nambie ulichokwenda kukitafuta."

Waliishi pamoja mpaka Haroub alipofariki. Sikumsikia tena akiapa, hata juu ya bei ya kitambaa.

Baada ya maziko nilimuuliza dada yangu kwa nini siku ile hakusema neno dogo lile, "sikujua", akaokoa nyumba yake. Akanitizama kama mtoto.

"Ningelisema, asingenirejea, nami ningelala naye miaka yote hii nikijua mimi peke yangu kwamba si mume wangu."

Wakuu, mimi sitetei filamu hizo. Bado naona kuzitizama ni kuichezea nafsi. Lakini nimejifunza kuwaogopa zaidi wanaozikataza barazani na kuzitizama gizani, nikamshukuru Mungu kwa mwanamke aliyechagua kuachika kuliko kuwa mke kwa uongo.

Nimemaliza. Mwenye la kunisahihisha anisahihishe bila kuogopa umri wangu. Na wewe unayezikataza nyumbani kwako, kabla hujakomenti, jiulize wewe mwenyewe umeziona mara ngapi.