Pikipiki Isiyokuwa na Kiti cha Nyuma

Mume wangu amenunua gemu mpya ya mbio za pikipiki, na tangu aiweke kwenye televisheni hajaacha kuilaumu. Mvua yake, anasema, ni ya kuonekana tu, barabara haitelezi hata kidogo. Wapinzani wote wanapinda kona mahali pamoja kama ng'ombe wanaorudi zizini. Injini nayo inalia kama posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi. Nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki, nikayasikia malalamiko yote hayo bila kutia neno, mpaka nikajikuta nikiuliza kama pikipiki za gemu hiyo zina kiti cha nyuma.

"Cha nini?" akauliza. "Hii ni racing, hakunanga abiria."

Nikarudi kwa sukuma zangu. Yeye sikumweleza, maana alishabonyeza kuanza raundi nyingine. Wewe una subira kumshinda, basi vuta kiti nikueleze.

Tulikaa mtaa wa Lucky Summer, katika ploti ya vyumba vya kupanga yenye mabati mapya na ukuta wa mawe usiopakwa rangi. Chumba cha kwanza karibu na geti kilikuwa cha jirani mmoja aliyeachishwa kazi kiwandani, akaamua kununua televisheni yenye mgongo mkubwa na mashine ya gemu iliyokwisha kutumiwa na watu wengine. Aliondoa mlango akaweka pazia, akapanga mabenchi mawili, na shughuli ikaanza. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuiona nafasi akaiacha, akahamishia jiko lake la bhajia nje ya pazia hilo. Kazi yangu, shule zikifungwa na hata zikiwa hazijafungwa, ilikuwa kupenya ndani na bhajia zilizofungwa kwa gazeti na kuwagawia vijana wasioondoa macho kwenye kioo. Ndani kulinukia soksi, pilipili na vumbi linalochomeka juu ya televisheni iliyowaka tangu asubuhi. Jirani alikuwa ametundika kitambaa cha kupangusia mikono. Kitambaa hicho kilikaa safi sana, kwa sababu hakuna aliyekigusa.

Gemu ilikuwa moja tu, ya pikipiki, na sasa nikiifikiria najua ilikuwa gemu mbaya. Mashine haikukubali kuisoma CD mpaka yenyewe igeuzwe tumbo juu. Maandishi yalikuwa ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, hivyo kila kitu tulikibahatisha. Mafuta hayakuisha. Barabara haikuwa na shimo, wala mama anayevuka na mtungi, wala mkokoteni. Ukiingia kwenye handaki picha ilikuwa inakwama, na jirani anaipiga mashine kofi la upole, yule mwendeshaji anatokea upande wa pili kama aliyekuwa amesinzia.

Lakini kasoro kubwa ilikuwa kwenye kona ya daraja. Ukiangukia pale, mashine ilichanganyikiwa. Mwendeshaji alibingirika, akagaragara, halafu akasimama akiwa mbele ya wenzake wote, pikipiki nzima, nguo safi. Bingwa wa ploti yetu, kijana mwembamba aliyeshinda kila siku, hakuwa na ujanja mwingine. Alijua tu kuanguka vizuri. Wengine wakamuiga, na ikawa desturi ya chumba kile kwamba ukifika darajani unaanguka, na asiyeanguka anachekwa mpaka aachie pedi, kile kidude cha vitufe tunachoshika kwa mikono miwili.

Baba yangu alikuwa mwendesha pikipiki wa kweli. Alipeleka spea kutoka duka moja la Industrial Area hadi kwa magereji, boksi la mbao limefungwa kwa bolti nyuma yake. Mwaka huo lori lilimkatia barabarani bila kuonyesha ishara. Alivunjika mguu. Akakaa ndani siku nyingi, mguu juu ya stuli, akisikiliza redio na kumkosoa kila mtangazaji. Plasta ilipotolewa, daktari akasema mguu uko sawa. Mdosi wake naye akatengeneza pikipiki na kuituma mpaka nyumbani kwetu, pamoja na ujumbe: aje nayo kazini Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na kama hataonekana, kuna kijana mwingine atakuja kuichukua.

Hapo ndipo tulipoanza kuona mambo. Kila asubuhi baba alivaa jaketi na helmeti, akawasha pikipiki, akaisikiliza ikinguruma, akaizima. Kisha aliisukuma kwa mkono hadi getini, akaangalia barabara, akaisukuma kurudi. Majirani wakimwuliza alisema anaipasha moto. Wakaitikia kwa adabu. Ploti yetu ilikuwa na watu wa kila aina, Wakamba kama sisi, Wakikuyu, na wengine waliopenda kuchokoza bila sababu, lakini katika jambo hilo hakuna aliyemchokoza. Mama alikuwa anakoroga unga wake wa bhajia na kumtazama. Usiku sikuwasikia wakigombana, na hilo lilinitisha kuliko ugomvi. Nilijua mshahara wa baba ndio kodi yetu na ndio karo yangu. Nilijua pia kwamba baba yangu anaogopa, na sikuwa nimejua kabla ya hapo kwamba baba anaweza.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumatatu ile, mvua ilinyesha mchana. Mama akasogeza jiko chini ya mabati na baba, kwa kukosa pa kusimama, akainua pazia akaingia kwenye chumba cha gemu. Vijana wakampisha kwenye benchi. Walimheshimu, yeye ndiye peke yake aliyekuwa na pikipiki ambayo ungeweza kuigusa.

"Mzee, si ucheze moja," bingwa akamwambia, akimpa pedi kwa mikono yote miwili. "Wewe ndio mwenyewe."

Baba akaishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Akaigeuza. Akauliza, "Breki ni gani?"

Bingwa akaangalia jirani, jirani akaangalia dari. Sisi sote tuliokuwa tukiishi na gemu ile tangu mabenchi yawekwe, hatukujua kama ina breki. Walijaribu kitufe kimoja kimoja, na kimoja kilichobaki kilikataa kubonyea kabisa. Jirani akaleta kisu cha jikoni, akafungua pedi. Chini ya kitufe kile mafuta ya bhajia za mama yangu yalikuwa yameganda pamoja na pilipili, magumu kama sabuni. Hakikuwa kimeharibika kwa kutumika sana. Kilikuwa kimezikwa. Alikisugua na mswaki mkuukuu, akafunga, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile pikipiki ikapunguza mwendo.

Baba aliendesha kwa namna iliyotia vijana uchungu wa tumbo. Alipunguza kabla ya kona. Alikaa upande wake wa kushoto. Kwenye handaki alitafuta taa. Wapinzani wote walimpita na maandishi mekundu yakaanza kuwaka kwenye kioo, ambayo kwa lugha yoyote ile yalikuwa yakimwambia aharakishe.

"Kanyagia, mzee!"

"Naona mbele," baba akasema. "Siwezi kukanyaga nikiwa sioni mbele."

Akafika darajani. Na chumba kizima, kwa nia njema kabisa, kikasimama na kumpigia kelele: "Anguka, mzee! Anguka hapo! Itakurusha mbele!"

Mimi nilikuwa kwenye pazia na bhajia mkononi. Nilitaka kuwaambia wanyamaze. Sijui kama alianguka kwa kutaka au vidole vilimponyoka. Yule mwendeshaji alibingirika, akagaragara, akasimama mbele ya wote, nguo safi. Vijana wakashangilia, wakapigana makofi ya mabega, kisha mmoja mmoja wakakumbuka ni nani wanayemshangilia. Mvua ikasikika juu ya mabati.

Baba aliendelea kutazama kioo. "Huyu ameamka mbio sana," akasema. "Mimi nililala pale kwa lami nikahesabu magari yakinipita. Nikadhani watu hawanioni."

Alikuwa hajawahi kutuambia hivyo. Aliiambia televisheni.

Kisha akauliza, "Na amebeba nani?"

"Hajabeba mtu, mzee," bingwa akasema polepole. "Ni yeye tu."

"Hata kiti cha nyuma hana."

"Zote hazina."

Baba akaweka pedi juu ya benchi, akaitazama mikono yake, akaipangusa kwa kile kitambaa. Halafu akaniona. Nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo hakuwahi kuniita mtoto. Aliniita mwaitu, mama, kama anavyoitwa mama kwa Kikamba. "Mwaitu," akasema, "nimekubeba mara ngapi? Tumewahi kuanguka?"

Nikatikisa kichwa.

"Hatujawahi. Siku ile nilikuwa peke yangu na spea." Akasimama. "Kuja."

Ukiniuliza leo nitakwambia hiyo haikuwa hoja. Lori halimwulizi mtu amebeba nani. Lakini yeye aliamini, na alikwenda moja kwa moja kwa jirani akaomba spana, akachuchumaa kwenye mvua iliyokuwa ikipungua, akaanza kufungua bolti za boksi la spea. Bolti zilikuwa na kutu. Vijana walitoka wote kusimama chini ya mabati, na gemu ikabaki ikijiendesha ndani bila mtu. Boksi lilipotoka, kiti kilionekana chini yake, cheusi na kikavu kuliko pikipiki yote.

Alinivika helmeti, ilikuwa moja. Ilinifika mabegani. Mama alikuwa ameinuka na kichujio mkononi, mafuta yakimdondokea karibu na miguu, bhajia zinaungua nyuma yake. Nilimtazama kupitia kioo kilichokwaruzwa cha ile helmeti. Angeweza kusema hapana. Mume wake alikuwa hajapanda pikipiki tangu avunjike, na sasa anampandisha mtoto wake wa pekee kwenye barabara yenye maji. Nilimwona akivuta pumzi ya kusema. Badala yake akainama, akanifunga zile kamba za viatu ambazo siku zote alisema nijifunge mwenyewe.

"Msipitishe saa ya chai," akasema.

Tulitoka getini. Nilimshika baba kwa jaketi, na hapo nikagundua kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekijua: alikuwa anatetemeka. Sio kwa baridi. Mgongo mzima ulikuwa ukitetemeka, mpaka helmeti yangu ikawa inagongagonga katikati ya mabega yake. Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mbwa mmoja alitupita. Tulipofika kwenye barabara kubwa inayoelekea Baba Dogo akasimama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia tena kulia. Gari lilipita, na lingine, na basi dogo la matatu lenye haraka zake. Nafasi zilikuja zikaenda. Nilimkaza tu kwa mikono miwili.

"Mwaitu, uko?" akauliza.

"Niko."

Akaachia klachi.

Jumatatu alikwenda kazini, akanishusha kwenye geti la shule kwanza. Na Jumanne. Boksi alilibeba juu ya tangi mpaka kazini, akalifunga huko, jioni akalifungua tena ili kesho yake niwe na pa kukaa. Nilimsikia akitetemeka asubuhi zote za mwanzo, kisha asubuhi nyingine kidogo, kisha siku moja nikagundua helmeti haigongi kitu. Wiki hiyohiyo alirudi nyumbani na boksi likiwa limefungwa kwa bolti mpya. Mama alifurahi, akakaanga kuku. Mimi nilinuna mpaka nikalala, nikarudi kutembea kwenda shule kama watoto wengine.

Chumba cha gemu sasa ni mlango wa ghorofa ya orofa saba, na mlinzi wake hajui ninazungumzia nini. Bingwa nilisikia yuko nje ya nchi. Baba yuko Ukambani, magoti yamemlemea, na pikipiki ya mwisho aliyoiendesha iliuzwa kwa vipande. Mimi napanda boda boda karibu kila siku, maana kazini kwangu ni mbali na stendi. Wanaonibeba ni vijana hodari. Wanapinda kwa mkono mmoja, wanaongea na simu, wanapenya pale ambapo mimi nisingepitisha sufuria. Migongo yao imetulia kabisa. Nami nyuma yao hufumba macho na kuomba Mungu, nikimtamani yule mtu mmoja tu niliyewahi kujisikia salama nyuma yake, aliyekuwa akitetemeka hivyo.