Goti Lililoelekea Mombasa

Nilijifunza kuchonga peke yangu, kwa kuchungulia, kwa hiyo kila kosa langu nililiona aibu. Banda la wachongaji lilikuwa kando ya barabara kuu, Makindu. Mzee wa banda, shemasi kanisani kwetu, alinipokea kwa majaribio ya wiki moja. Vinyago vyangu alivipenda. Shida ilikuwa kukaa.

Wachongaji wote walikalia vigoda vifupi, bega kwa bega, kila mmoja amebana mti wake kati ya magoti. Goti langu la kulia lilikataa. Kila nilipoinama, lilitorokea nje na kumdunga jirani mbavuni.

"We kijana, hilo goti linaenda wapi?"

"Liache," mwingine akasema, "linawahi basi la Mombasa."

Mzee hakucheka. "Swara wawili wamevunjika pembe kwa sababu ya hilo goti. Lisipotulia kufikia Ijumaa, utachongea kwenu."

Niungame: asubuhi iliyofuata nilijificha nyuma ya ghala, nikayafunga magoti pamoja kwa kamba ya katani, nikachuchumaa kufanya mazoezi. Nilianguka kama gunia la mbaazi, nikaangukia nyonga. Mama akanikimbiza hospitali akidhani nimevunjika.

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani. Hakuna kilichovunjika. Ila kichwa cha mfupa wa paja la kulia hakikuwa mviringo. Kilikuwa na kinundu, na nikikunja mguu sana, kinundu hicho kinagonga ukingo wa shimo la nyonga.

"Kabla ya kuanguka, palikuwa panauma?"

"Hapana, daktari. Lakini si mviringo!"

"Wengi wako hivyo na hawajui." Akachuchumaa pale pale na koti lake jeupe. Goti lake la kushoto likaenda zake. "Unaona? Na kila Jumamosi nacheza mpira. Acha mambo ya kamba."

Ijumaa nilimpelekea mzee ile picha. Aliielekeza kwenye jua, akalinganisha kulia na kushoto kwa jicho lile lile la kukagulia miguu ya twiga.

"Huku kulia msasa haukupita," akatangaza. Banda zima likacheka. Akanirudishia picha polepole. "Lakini Fundi aliyechonga nyonga hii, mimi ni nani nimkatalie kazi? Kaa pale mwisho."

Mwisho wa safu, upande wa barabara, goti langu lilikwenda lilikotaka bila kumdunga mtu. Nilichonga kwa raha hadi saa sita. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kulihofia lile la kushoto: mbona lilikuwa limetulia hivyo?