Kushuka Kemondo

Kwetu Ihanda ziwa halionekani. Panda kilima chochote unachotaka, utaona migomba, mibuni, mabati yanayong'aa, na vilima vingine nyuma ya vilima hivyo. Mama yangu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo, kila asubuhi ya kipupwe, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, hutoka nje na kikombe chake cha chai akasimama ukingoni mwa uwanja, akitazama mashariki. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza anatafuta nini. Akasema ukungu ule, ukiutazama bila kuufikiria sana, unafanana na maji.

Mama ni Mhaya wa upande wa Kemondo. Alizaliwa katika nyumba iliyo juu ya ghuba, mahali ambapo mtoto akiamka kitu cha kwanza kuona ni ziwa. Baba ni Mnyambo wa hapa Ihanda, Karagwe, na utani wao haujapoa tangu siku ya harusi. Baba humwambia alimtoa kwa watu wanaojisifu akamleta kwa watu wanaolima. Mama humjibu kwamba huku kwenu hata samaki anafika akiwa amechoka. Sisi watoto tulikua tukicheka, na ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba mama, akishacheka, hunyamaza kidogo.

Safari ya meli ilikuwa wazo langu. Nasema hivyo kwa sababu mdogo wangu wa kiume, anayefuga ng'ombe kule Mabira, siku hizi anasimulia kana kwamba lilikuwa lake. Mimi nina duka la pembejeo Kayanga, nashinda nikiuza mbolea na mabomba ya kunyunyizia dawa, na wanangu wawili walikuwa hawajawahi kuona chombo cha majini kikubwa kuliko mtumbwi wa kwenye kitabu cha shule. Mama naye, pamoja na kukulia juu ya bandari, hakuwahi kupanda meli hata mara moja. Aliitazama tu. Nikasema likizo ya Juni familia nzima tupande meli twende Mwanza, tutembee, turudi. Mama aliposikia aliweka ungo chini akanitazama kama msichana. Sikuwa nimewahi kumwona na uso ule, na kuanzia hapo sikutaka kitu kingine chochote isipokuwa safari hiyo iwezekane.

Kwa mtu wa Karagwe, meli ya Mwanza ina bandari mbili za kuchagua. Ama uteremke hadi Bukoba mjini inakoanzia, ama uende Kemondo inakopitia. Tulikaa uani kulijadili, kila mtu na maharage yake ya kuchambua, na mjadala ukageuka ugomvi kabla ungo wa kwanza haujajaa.

Mdogo wangu alikuwa amekuja na pikipiki kutoka Mabira, vumbi hadi kwenye nyusi. Yeye alitaka Kemondo. Wakwe zake wako Mwanza, na kwa desturi yetu mtu hatoki Kagera kwenda Mwanza bila mkungu wa ndizi. Yeye alipanga kupeleka minne, na Kemondo ndiko ndizi zinakopakiwa.

"Kwa hiyo sisi tunasindikiza ndizi zako?" nikamuuliza.

"Ndizi zina adabu kuliko wewe," akasema.

Mimi nilitaka Bukoba. Meli inaanzia pale, unapanda mapema, unajichagulia kitanda kizuri, watoto wanaona mji na kula samaki aliyetoka majini siku hiyo hiyo. Nilizungumza kama ninavyozungumza dukani mteja anapotaka mbegu mbaya. Nilijiona nina hoja zote.

Baba alikuwa upande wa pili wa uwanja akigeuza kahawa yake iliyoanikwa. Alitupa neno moja tu bila kuinua kichwa. "Msinihesabu mimi. Mimi na maji tunaheshimiana kwa mbali. Na kahawa hii atageuza nani?"

Hatukumbembeleza, tulimjua. Kahawa ikiwa uwanjani, baba haendi popote. Siku ya kipaimara changu alitoka kanisani mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, kwa sababu aliona wingu dirishani. Nilipiga magoti bila baba, na nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa juu ya turubai, na koti lake jeusi la Jumapili, kahawa imefunikwa vizuri na hakuna tone hata moja lililodondoka. Tulimtania kwa hilo miaka yote, naye hakuona kosa lake liko wapi.

Tulipochoka kubishana, nikamgeukia mama. Nilikuwa na hakika atasema Kemondo, na nilikuwa tayari kushindwa kwa heshima.

"Kemondo hapana," akasema.

Mdogo wangu akaacha kuchambua. Mimi nikafurahi kwa ndani, Mungu anisamehe, nikasema basi ni Bukoba, nikatoa simu nimpigie mteja wangu mmoja wa mjini atuulizie vitanda.

"Na Bukoba pia hapana."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nina hasira za karibu, watu wote wa nyumbani wanajua. "Mama, meli haina bandari nyingine. Au tukuchimbie ziwa hapa hapa Ihanda?"

Mdogo wangu alicheka. Mama hakucheka. Alikusanya maharage yake akaingia ndani, na sisi tukabaki tukitazamana kama watu waliovunja chungu.

Jioni nilimfuata jiko la nje akimenya ndizi. Nikachukua kisu changu nikakaa kando yake. Kwetu ukitaka mwanamke akwambie jambo, usimkazie macho. Menya naye ndizi. Tulimenya hadi vidole vikaanza kunata utomvu, ndipo akaanza mwenyewe.

Alisema meli ya Mwanza ilikuwa ikiingia Kemondo asubuhi, jua likiwa linachomoza nyuma yake. Baba yake alikuwa na wageni wengi kutoka ng'ambo, na kila walipotarajiwa aliteremka bandarini na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kwa sababu kwa Wahaya mgeni hupokelewa kwa punje za kahawa kabla ya maneno. Mama alikuwa akimfuata. Alikuwa akisimama nyuma ya miguu ya baba yake akiwatazama watu wanavyoshuka, wamekunjamana kwa usingizi, wamebeba watoto na magodoro, kisha wanaitwa majina yao kutoka chini na nyuso zao zinafunguka.

"Nikajiambia siku moja na mimi nitakuja hivi," akasema. "Nitashuka, nimechoka, halafu kuna mtu ananingoja na kahawa."

"Kwa nini sasa unaikataa Kemondo?"

Akamenya ndizi nzima kabla ya kujibu. Siku alipoolewa, alisema, walimpandisha nyuma ya pikapu, na shangazi zake wakamwonya kwamba bibi harusi akishatoka uani kwao haangalii nyuma. Hakuangalia. Ziwa lilikuwa nyuma yake, nyumba ilikuwa nyuma yake, baba yake alikuwa amesimama mahali fulani nyuma yake, na yeye akatazama mbele hadi Karagwe.

"Niliondoka kwetu bila kupaona. Leo mnataka kunipandisha pale niondoke tena. Na mkinipandishia Bukoba, meli itapita pale, itasimama, itaondoka. Yote ni kuondoka, mwanangu. Mimi nataka kuja."

Nililia, na sikujificha. Mwanamke huyu alikuwa ameenda kwao mara nyingi, kwa misiba na kwa sikukuu, kwa basi, akiingia kwa mlango wa nyuma kutoka barabarani. Kumbe miaka yote hiyo kwa hesabu yake alikuwa bado hajarudi.

Kwa hiyo tukachagua bandari ambayo hakuna mtu wa Ihanda angeichagua. Tuliamua kuondokea Mwanza. Tungezunguka ziwa kwa basi kutwa nzima, kisha tupande meli ng'ambo ya pili ili imfikishe mama kwao asubuhi. Mdogo wangu alisema tumepata kichaa, kwenda mbali kote huko ili tufike karibu na nyumbani. Hata hivyo akafunga mikungu yake minne kwa majani makavu na kuanza kugombana na makondakta kabla hata hatujapata basi.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikaba, na mama hakulisema wala mimi sikuthubutu. Kwao hapakuwa na mtu tena. Kaka yake mkubwa, wa mwisho kubaki katika nyumba ile, tulikuwa tumemzika. Mjane wake amehamia kwa mtoto wake Dodoma. Mlango una kufuli, na shamba linatazamwa na jirani. Mama angeshuka kwenye meli ile aliyoiota tangu utotoni, na chini pasingekuwa na mtu wa kumwita.

Nilimwambia baba jioni ya mwisho, alipokuwa akikunja turubai la kahawa. "Atashuka pale, baba, na hakuna hata mtu mmoja."

Akaendelea kukunja. "Umefunga banda la kuku?" akauliza.

Nilimkasirikia hadi Mwanza. Njia nzima, Biharamulo, Geita, tukavuka Busisi, mimi nilikuwa nikimjibu baba kichwani mwangu kwa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Mama alikaa dirishani na mjukuu magotini, ametulia. Mkungu mmoja wa ndizi uliiva ndani ya buti la basi kwa sababu ya joto, na wakwe wa mdogo wangu wakaupokea kwa heshima zote.

Tulipanda meli. Watoto walikimbia kila ngazi hadi wakalala na viatu. Mama nadhani hakulala, maana nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na yeye hayupo. Nilimkuta juu, upande wa mbele, amejifunga kitenge juu ya sweta kuukuu la baba. Kulikuwa na baridi ya kweli ya kipupwe, upepo unapita hadi kwenye meno. Mbele yetu kulikuwa na giza zito kuliko maji, ambalo polepole likawa vilima. Kisha jua likatoka nyuma yetu na vilima vikapata rangi yake, kijani cha migomba, wekundu wa udongo, bati moja moja likianza kuwaka.

Nilisimama kando yake. Alikuwa anatafuta kitu, macho yanakwenda na kurudi juu ya ghuba.

"Mikaratusi ya baba," akasema. "Ilikuwa mitano. Ndiyo alama ya nyumba yetu."

Tulitafuta pamoja. Meli ikazidi kusogea. Mwishowe akaiona nyumba yenyewe, ndogo, imefifia, uwanja mtupu mbele yake.

"Wamekata," akasema. Mkono wake ulishika chuma cha pembeni kwa nguvu. Kwa dakika kadhaa alitazama kile ambacho shangazi zake walimkataza kutazama.

Bandarini watu walikuwa tayari wamejaa. Ilikuwa kama alivyonisimulia, majina yakiitwa kutoka chini, mikono ikipunga, watu wa mizigo wakipiga kelele, mikungu ikingoja zamu yake. Abiria wakaanza kushuka na nyuso zao zikafunguka moja baada ya nyingine. Mama akajirudisha nyuma. Akawaachia watu wapite, akasema hakuna haraka, akafunga kitenge upya, akafunga tena. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anasubiri waliopokelewa waishe, ili ashuke wakati ambapo kutopokelewa hakutaonekana. Nilijuta kubuni safari nzima.

Tulishuka karibu wa mwisho. Mdogo wangu mbele na mabegi, mimi na watoto, mama nyuma yetu, macho chini kwenye ngazi.

Koti ndilo nililolijua kwanza. Koti jeusi la Jumapili, limesimama mbali kabisa na ukingo wa maji, mahali ambapo hata wimbi likichanganyikiwa lisingefika. Watoto wakapiga kelele, "Babu!" Alilala wapi usiku ule sijui hadi leo. Ukimuuliza anasema alilala. Basi kutoka Karagwe, kupitia Kyaka hadi Bukoba, kisha kutoka Bukoba hadi pale, mzee ambaye hajalala nje ya Ihanda msimu wa kahawa tangu nimjue.

Hakutujibu salamu sisi, wala watoto waliomning'inia mikononi. Alivua kofia. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo cha mama mwenyewe, kile kinachokaa juu ya kabati na kutolewa kwa wageni wa heshima tu. Akamngoja mama afike ardhini, akakishika kwa mikono miwili.

"Karibu kwenu, waitu," akasema, kwa neno la heshima la kwao mama.

Mama alisimama. Aliangalia kikapu, akaangalia koti, akaangalia viatu vyake vilivyojaa vumbi. Uso wake ulianza kufunguka, halafu ukakataa, halafu ukafunguka.

"Na kahawa umemwachia nani?"

"Ikinyeshewa, inyeshewe."

Mama akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akaitafuna pale pale, watu na mizigo wakipita kila upande.