Hakuna Aliyempita Bibi Mwantumu

Kwanza niwataje waliokuwepo, maana siku hizi mtu anakusimulia safari nzima husikii jina hata moja, unasikia "mimi na washkaji" basi. Alikuwepo Bibi Mwantumu, mama yake baba yangu, ndiye mkubwa wetu. Alikuwepo baba yangu, Athumani, dereva wa lori la mkonge pale Korogwe. Alikuwepo mama, Mwanaidi, na mdogo wangu Halima mgongoni kwake. Alikuwepo shangazi Mwanaisha, dada yake baba, aliyeolewa Kang'ata kule Handeni, na binti yake Zubeda, rika langu kabisa. Alikuwepo kaka yangu Rajabu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutulia mahali. Na mimi. Wengine walikuja mwaka huu wakakosa mwaka ule, lakini hao niliowataja hawakukosa.

Enzi hizo, wenzangu mnakumbuka, Idd Mosi ilikuwa ya kuswali, kula na kuzunguka kwenye nyumba za watu. Idd Pili ilikuwa ya mlima. Sisi wa Kwamndolwa milima ya Usambara tunaiona asubuhi tukifagia uwanja na jioni tukianua nguo, lakini kupanda ilikuwa siku hiyo. Baba aliazima lori, tukakaa nyuma kwenye nyuzi za mkonge zilizobaki, mtu akishuka anajikuna mpaka kesho yake. Shangazi Mwanaisha alikuwa amekuja na basi tangu juzi yake, na kapu la muhogo wa Kang'ata, ule ukiiva unapasuka wenyewe. Mama alikaanga samaki, wali wa nazi akaufunga kwenye majani ya mgomba, na harufu yake ilitutesa njia nzima kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Lori tuliliacha sokoni Kwashemshi. Kutoka hapo mpaka kwenye maporomoko ya maji ilikuwa miguu.

Na miguu ilikuwa na sheria yake. Mkubwa anatangulia, na hakuna kumpita. Bibi Mwantumu mbele na fimbo yake, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, nyuma yake shangazi, halafu mama, halafu sisi, na baba mwisho kabisa na kapu la chakula, kama mchungaji. Akienda polepole, wote polepole. Akikaa, wote tunakaa. Ukimpita unarudishwa mkiani, tena bila fosadi, maana fosadi zote zilizoiva kando ya njia aliyezifikia kwanza ni yule wa mbele, naye alizigawa kwa kurudisha nyuma, mkono kwa mkono, zinafika kwa baba zimeshapondeka.

Rajabu alijaribu kila mwaka. Anapenya pembeni kwenye majani, anadhani haonekani.

"Wewe Rajabu," Bibi anamwambia bila kugeuka. "Unawahi nini huko?"

"Maji, Bibi."

"Maji yalianza kuanguka hujazaliwa. Unadhani yataisha kabla hujafika? Rudi ukashike mkia."

Zubeda na mimi tunacheka mpaka tunakaa chini. Lakini niwaambie kitu, ni kwa ule mwendo wa Bibi Mwantumu mimi nilijua mlima. Nilijua vinyonga wanalala wapi. Nilijua ukungu ukipanda unaanza kwenye miguu, na kwamba tukifika kwenye jiwe kubwa la kupumzikia tukigeuka nyuma tunaona mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama nywele za mtoto aliyesukwa, na mto umelala katikati, na kule mbali vilima vya Handeni ambako shangazi aliweza kunyoosha kidole akasema, "Nyumbani kwangu ndiko pale," ingawa sisi tuliona bluu tupu.

Mwaka mmoja miguu ya Bibi iligoma pale pale kwenye jiwe. Alikaa, akajaribu kuinuka, akakaa tena. Maporomoko tulikuwa tunayasikia, yanavuma hapo juu tu. Baba akaona atumie akili. Akasema mama abaki na Bibi, sisi wengine tukimbie mara moja tukaone, tutarudi.

Shangazi Mwanaisha alimtazama kaka yake kama amemuona anaiba. "Mgosi, kaka yangu, tukifika tumemwacha mama yetu hapa, tumefika wapi?"

Baba alitua kapu. Tukala hapo hapo, samaki na wali na muhogo, na mchana wote tukacheza kombolela kwenye migomba ya watu, na kuteleza kwenye mteremko kwa maganda ya mgomba mpaka gauni langu la Idd likabadilika rangi. Rajabu ndiye aliyenuna. Alisema yeye amekuja kuona maji.

"Na mimi nimekuja kuwaona nyie," Bibi Mwantumu akamwambia. "Kwa hiyo mmoja wetu amepata. Kula samaki."

Hiyo ndiyo ilikuwa Idd yake ya mwisho mlimani. Maji hatukuyaona. Hakuna aliyesema safari imeharibika.

Sasa nisikilizeni ya mwaka huu, maana ndiyo iliyonifanya nikae niandike, na hasira bado ninayo.

Binti yangu Zahara yuko Dar na wanawe wawili, Farid na Lulu, watu wazima wenye kazi zao. Wakasema Idd wanakuja, na Idd Pili wananipeleka kwenye maporomoko. Wananipeleka mimi. Nilikuwa sijafika huko tangu marehemu mume wangu yupo, na sijui kama kuna mwaka mwingine miguu hii itanikubalia. Basi nikajiandaa. Kila asubuhi baada ya swala nazunguka nyumba, majirani wananiuliza Bi Mkubwa umepoteza nini. Nikanunua raba. Nikakaanga muhogo. Nilitaka niyaone yale maji mara moja tena, basi, sikutaka kingine.

Gari la kukodi likatufikisha mpaka juu, kwenye uwanja wa kuegesha. Mimi nafungua mlango, Lulu ananifungia.

"Bibi, wewe tulia hapa. Huko juu ni noma, miguu itakuzingua."

"Tunarudi fasta tu," Farid akasema. "Tutakuletea video."

Nikamgeukia mama yao, mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikijua atasema neno. Zahara akatazama chini. "Mama, ukianguka tutasema nini?"

"Mtasema nimeanguka."

Hawakucheka hata. Wakaniletea kiti cha plastiki, soda na chipsi kwenye mfuko, wakaenda. Walikuwa wameshapanga. Walipanga kwenye simu zao tangu Dar, kwenye hilo kundi lao la familia ambalo na mimi eti nimo. Raba zangu waliziona asubuhi wakazisifia, na wakati wanazisifia walikuwa wanajua ninakwenda kukaa kwenye kiti. Hilo ndilo linaloniuma. Kuzeeka ni kuzeeka, lakini kudanganywa kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano, hapana.

Karibu yangu alikuwepo mama mmoja wa Kishambaa anauza mapeasi, jina lake Mama Nuru. Akanisalimia shikamoo vizuri, akaniuliza mbona nimebaki. Nikamwambia wamesema njia mbaya.

"Njia ipi, Bibi? Mbona wamejenga ngazi za saruji mpaka juu, na vyuma vya kushikilia. Juzi tu nilimpandisha mama yangu, naye ana fimbo mbili."

Jamani. Bibi yangu alipanda pale kwenye tope, peku, na sisi wote nyuma yake. Leo wamejenga ngazi na mahali pa kushika, ndipo naambiwa siwezi. Nilisimama. Ile soda niliiacha pale pale kwenye kiti. Mama Nuru akafunika mapeasi yake kwa gunia, akasema twende, wewe tangulia.

Tukapanda. Nakaa, naye anakaa. Ananiuliza majina ya watu wa kwetu, nami namtajia. Nilikuwa nimeshaanza kuyasikia maji. Ndipo nikawaona wajukuu zangu wanateremka mbio, simu mkononi, na Zahara nyuma yao anahema.

"Bibi, unakwenda wapi? Tumeshamaliza."

"Nani amemaliza?"

"Dereva anatusubiri, Bibi. Ana abiria wengine saa kumi. Lakini hii hapa, angalia."

Lulu akanishikia simu usoni. Nikaona maji ya ukubwa wa kiganja, na Lulu mbele yake anazungusha kiuno, na kwa juu wameweka muziki. Muziki, wenzangu. Hata sauti ya maji wameitoa. Yanaanguka pale juu, nayasikia kwa masikio yangu mawili, na mjukuu wangu ananisihi nitazame yale ya kwenye simu yasiyo na sauti.

Nilimwambia Zahara, "Babu yako Athumani alitua kapu." Yeye kisa hicho anakijua, nimemsimulia tangu mdogo. Alinielewa, nilimuona. Machozi yakamlenga. Lakini dereva akapiga honi kule chini, na Farid akanishika mkono huu, Lulu ule, wakaniteremsha kama mwizi wa kuku. Mama Nuru alisimama pembeni, mgeni atasema nini.

Ndani ya gari niliwaambia neno moja tu. Kwamba siku moja na wao watakuwa na raba mpya.

Wamesharudi Dar. Zahara anapiga simu kila jioni. "Mama, bado una hasira?" Namwambia ndiyo, tena leo kidogo imezidi. Anasema watoto hawakuwa na nia mbaya. Najua. Sisi tulikuwa na hiyo hiyo nia ya kukimbilia maji, tofauti ni kwamba alikuwepo mtu wa kutuambia tukae chini. Kwa hiyo sehemu ya hasira ni yake yeye, nami nimemwambia, hajabisha.

Nimeshaongea na Mama Nuru kwa simu, namba yake alinipa tukipanda. Idd Pili inayokuja napanda na basi la asubuhi kutoka Korogwe, na gari la kukodi wakae nalo. Zahara ameomba kuja. Nimemwambia njia haina mwenyewe, aje na hao wanawe wakitaka, ila wote nyuma yangu, na simu mfukoni mpaka tufike. Na tusipofika, wanajua cha kufanya.

Ninyi mliokuwa Kwamndolwa miaka ile, au Zubeda mwenyewe kama haya yatakufikia huko Kang'ata, nisahihisheni nilipokosea. Labda mbaazi zilikuwepo kwenye kapu la shangazi na mimi nimezisahau. Labda mwaka ule wa jiwe Halima alikuwa ameshaanza kutembea. Majina nadhani nimeyapata, lakini semeni. Msiandike tu kuniambia kwamba nimezeeka, hilo sijalisahau.