Sanduku Lisiloongezwa Kitu

Hata leo sijaisahau karatasi ile ya zoezi la darasani. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasomea uuguzi Nizwa, nikikaa hosteli, na kila Alhamisi nikipiga simu ya kadi nyumbani kwetu Ibra. Siku moja mwalimu wetu, daktari mgeni, akaja na zoezi la ajabu: tupange matibabu ya watu sita watakaosafiri angani, mbali kuliko mwezi, kwa miaka miwili au zaidi. Hakuna kurudi njiani. Sanduku la dawa halitaongezwa kitu. Sauti kutoka duniani huchukua dakika nyingi kuwafikia, kwa hiyo hawezi mtu kumuuliza daktari wa huku na damu inamwagika kule.

Tulicheka, kisha kicheko kikakatika. Daktari wao akiumia, nani atamshona? Dawa zikiharibika kabla safari haijesha? Akifa mmoja, maiti iwekwe wapi? Nilishtuka kwamba watu wazima wanakaa mezani kuyaandika hayo. Mwenye moyo huo niliyemjua ni mmoja tu, bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Sanda aliyorudi nayo Hija ilikaa chini kabisa ya sanduku lake la nguo, na akinituma kitu humo hunambia, "Usinivurugie nguo yangu ya safari."

Swali la mwisho lilikuwa hili: msafiri yuko huko juu, na huku nyuma mzee wake kafa. Aambiwe?

Nilinyanyua mkono kabla ya wote. "Haambiwi! Aliye mbali hatwikwi mzigo asioweza kuutua. Akirudi ataambiwa taratibu, keshakaa, keshakunywa maji." Darasa likapiga makofi, maana hapakuwa na hata mmoja wetu ambaye kwao hawafanyi hivyo. Mwenzangu wa chumbani tu, msichana wa Ibra kama mimi, aliinama akichezea kifuniko cha kalamu. Jibu hilo nikaliandika kwenye karatasi yangu, na mwalimu akaniandikia chini yake: "Yeye mwenyewe mmemuuliza?" Niliudhika kweli. Mgeni, atajua nini huruma zetu!

Mitihani ikanishika wiki tano zaidi bila kwenda nyumbani. Kila nikipiga simu, mama ananiambia bibi kalala, bibi yuko kwenye sala, bibi kaenda Samad kwa nduguze. Nami nikaamini, muuguzi mzima!

Nilipofika Ibra nikamwamkia mama, "Shikamoo," naye akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida.

"Bibi bado yuko Samad," alisema. "Kaa kwanza, nikuletee maji."

Nilikuwa nimemletea bibi chupa ya marashi ya waridi ya Jabal Akhdar. Nikaingia chumbani kwake nimfichie sandukuni. Nikatia mkono chini ya kanga zake, chini ya shali, mpaka chini kabisa. Vidole vikagusa ubao mtupu.

Nikaita: "Mama! Sanda iko wapi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na gilasi ya maji mkononi. "Khalas, mwanangu. Bibi kafariki, Allah yarhamha. Arobaini yake imepita juzi. Tulisema umalize mitihani kwanza. Hata mwenzio wa chumbani tulimwapisha asikwambie, maskini."

Nilihesabu siku kwa vidole. Nilipokuwa napigiwa makofi, bibi alikuwa na wiki nzima kaburini. Nilitaka kuwagombeza wote, lakini maneno waliyoyatumia yalikuwa yangu, mpaka ile gilasi ya maji.

"Hakuniulizia?" nikasema.

Mama alianza kulia. "Kila siku, wallahi. Siku ishirini za ugonjwa wake. Akisema, mwiteni muuguzi wangu aje anambie kweli nina nini, nyinyi mnanificha. Tukamwambia uko njiani."

Nilipiga ukelele mpaka majirani wakaja. Niko njiani! Na mimi niko Nizwa, sina habari; naye keshazikwa, mimi napigiwa makofi kwa kusema haambiwi.

Niliporudi hosteli niliitafuta karatasi ile. Chini ya swali la mwalimu nikaandika: "Hatukumuuliza. Na bibi alipotuuliza, hatukumjibu." Asubuhi yake nikampelekea mwalimu.